Nani Amesikia Jibu?

Jumapili hapa Tuwan huhitaji kuyafuata mahubiri; yanakufuata yenyewe. Spika za kanisa la mabati lililo nyuma ya kinu cha posho hushindana na za hema lililo karibu na steji ya boda, na mtu aliyelala na malaria chumbani kwake husikia ibada mbili kwa pamoja. Fundisho linalorudiwa zaidi ni kwamba Mungu hujibu maombi yote, na majibu yake ni matatu: ndiyo, hapana, na ngoja. Sina ugomvi na hayo matatu. Ila yakishapangwa hivyo, hakuna jambo linaloweza kutokea duniani likakosa pa kuingia. Ukipata, ni ndiyo. Ukikosa, ni hapana. Kama hujapata wala hujakosa, ngoja. Fundisho lisiloweza kukosea hata siku moja haliwezi kunijulisha kama kuna aliyesema. Linayapa majina mambo ambayo yangetokea tu.

Swali langu liko pembeni kidogo ya hapo. Tukubali kwa sasa kwamba anayeombwa hujibu. Je, jibu limemfikia nani? Kati ya jibu kutolewa na mwombaji kulipokea kuna nafasi, na sijamsikia mhubiri akiihubiri nafasi hiyo. Mimi nimeiona kwa macho, katika programu ya kuweka hesabu za chama.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa mtaani, upande wa kuelekea mjini Kitale. Kazi zangu ni barua za kuomba ajira, ratiba za mazishi, makubaliano ya kukodisha shamba kule Saboti, na fomu za serikali ambazo siku hizi hazipatikani ila kwa intaneti. Nilisomea uhazili miaka ile ambapo kompyuta ya chuo ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mwalimu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukiondoa. Hapo ndipo nilipokutana na BASIC. Wenzangu wengi waliisahau baada ya mtihani. Mimi niliipenda kwa sababu ilisomeka. Walioitunga, John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth kule Marekani, walikusudia hivyo: mwanafunzi wa historia au wa dini akae mbele ya mashine na kuiagiza kazi bila kwanza kuwa mwanahisabati. Programu za kwanza ziliendeshwa alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964. Kemeny, mzaliwa wa Budapest ambaye familia yake ilikimbilia Marekani akiwa kijana, alikuwa amewahi kuwa msaidizi wa Einstein. Angetaka kutunga lugha ya kutisha watu, uwezo alikuwa nao.

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo cha ufundi, naye ndiye aliyetuandikia programu ya chama chetu cha akina mama. Aliniuliza, "Shangazi, niiandike kwa lugha gani?" Nikamwambia aiandike kwa ile ninayoweza kuisoma mwenyewe, maana yeye atahitimu aende Nairobi na mimi nitabaki na pesa za watu. Akatumia FreeBASIC, toleo la bure la siku hizi linalokubali hata laptopu yangu iliyochoka. Kila mama ana ukurasa wake: akiba, mkopo, faini ya kuchelewa. Kazi ikiisha, programu hunakili faili la hesabu kwenye flashi ambayo mweka hazina huenda nayo nyumbani, ili kibanda kikiungua hesabu zisiungue nacho. Mistari yenyewe ilikuwa hii:

SHELL "copy chama.dat e:\"
PRINT "IMEHIFADHIWA SALAMA"

Anayeijua kazi hii ameshaona kasoro, lakini naomba tukae hapo kidogo. Mstari wa kwanza unatoka nje ya programu. SHELL hukabidhi amri kwa mfumo wa kompyuta, na programu yenyewe husimama ikingoja. Amri hutekelezwa, hutoa maneno yake, na maneno hayo huenda kwenye skrini. Hayarudi kwa aliyeuliza. Amri ikimaliza, programu huamka na kushika mstari wa pili bila kujua lolote lililopita. Siku moja mweka hazina aliisahau flashi mkobani, na skrini ikaonyesha mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa juu ulisema kwa Kiingereza kwamba diski hiyo haionekani. Wa chini ulitangaza kwa herufi kubwa: IMEHIFADHIWA SALAMA. Mimi niliyekaa nje niliisoma yote miwili. Programu iliyoagiza haikuwa imesikia kitu.

Je, ilisema uongo? Mweka hazina alisema ndiyo, tena kwa ukali. Mimi nadhani hapana. Mwongo anaijua kweli na anaificha. Hii haikuwa na cha kuficha. Ilikuwa na mstari wa kutangaza baraka uliopangwa kufuata mstari wa kuomba, na ingeutangaza hata kama faili lenyewe lingekuwa limepotea. Nimesimama katika hema la maombi nikasikia "Pokea! Umeshapokea!" kabla mgonjwa hajafumbua macho, na sikumwona mhubiri kuwa mtu mbaya. Nilimwona mtu ambaye mstari wake wa pili hautegemei wa kwanza.

Kijana aliirekebisha upesi, kwa njia ambayo mafundi wengi huishia nayo. Kila amri ikimaliza hurudisha namba. Sifuri maana yake mambo yameenda sawa. Namba nyingine yoyote maana yake kuna tatizo. Programu inaweza kuichukua namba hiyo bila kusoma neno hata moja. "Sasa inajua, Shangazi." Ndiyo, inajua sifuri. Nikatambua kwamba dini ya watu wengi ninaowafahamu, na yangu kwa miaka mingi, ni ya namna hii. Mtoto kapona? Kazi imepatikana? Mvua ya mwezi wa nne imekuja kwa wakati na mahindi ya H614 yameota shamba zima? Sifuri. Tunashukuru, tunaendelea. Ikirudi namba nyingine tunarudia amri ileile kwa sauti kubwa zaidi, labda kwa kufunga. Hakuna anayeuliza kama mbali na namba palikuwa na maneno. Yale majibu matatu ya kwenye spika ni namba tatu za aina hiyo.

Ili programu iyapate maneno yenyewe, sharti yageuziwe njia. Zamani, enzi za DOS, tuliweka alama ya > mwishoni mwa amri na kutaja jina la faili. Maneno yaliacha skrini yakaingia humo, kisha programu ikalifungua faili hilo na kulisoma mstari kwa mstari. Hata ule mfereji wa DOS wa kuunganisha amri mbili, uliokuja na toleo la 2.0 mwaka 1983, ndani yake ulikuwa faili la muda lililofichwa mtumiaji asilione. Watu wa Unix walikuwa na mfereji wa kweli tangu 1973, wazo la Doug McIlroy lililotekelezwa na Ken Thompson: maneno yanatoka huku yanaingia kule bila kulala njiani. FreeBASIC inao pia. Unaifungua amri jinsi unavyofungua faili,

OPEN PIPE "copy chama.dat e:\ 2>&1" FOR INPUT AS #1

halafu unasoma kwa LINE INPUT mpaka maneno yaishe.

Ninachotaka msomaji akishike hapo ni wakati. Geuzo hilo huandikwa pamoja na amri, kabla haijaondoka. Maneno yakishatua kwenye skrini umechelewa. Kuna hila ya BASIC ya kuisoma skrini herufi kwa herufi, na chuoni tuliichezea, lakini husoma kilichobaki tu. Kilichopanda juu kimekwenda. Mvua ya Kitale ikikukuta hujaweka pipa chini ya paa, utasikia kishindo chake usiku kucha kwenye mabati, na asubuhi utanunua maji kwa mkokoteni.

Hadithi ya Samweli katika Biblia huwa naisoma hivyo sasa. Mtoto anaitwa usiku katika nyumba ya ibada kule Shilo, anaamka, anamkimbilia mzee Eli, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti ilikuwapo, ilimtoa kitandani. Lakini ilimwangukia mtoto asiyejua ni ya nani, ikaishia kwenye miguu yake. Aliyelitatua jambo ni Eli, ambaye usiku ule hakusikia chochote, macho yamefifia, na nyumba yake imeshahukumiwa. Eli hakumpa mtoto jibu. Alimrudisha kulala na kumwandalia maneno ya kusema atakapoitwa tena. Nimesikia mahubiri mengi juu ya utii wa Samweli. Juu ya ufundi wa Eli bado.

Mimi ni wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka. Wamishonari watatu wa Kimarekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na kutoka huko kanisa likapanda hadi Lugulu na Kimilili, upande wa Bungoma nilikozaliwa. Wakweka wa kwanza kule Uingereza, enzi za George Fox katika karne ya 17, walikaa kimya mpaka mmoja wao aguswe kusema. Sisi tuna kwaya, mahubiri na matangazo marefu. Mgeni mmoja Mwingereza aliniuliza kwa upole kama kimya chetu ni kile alichokisikia kabla ya sadaka. Lakini kuna jambo tumelihifadhi vizuri kuliko tunavyojua wenyewe, nalo ni kazi ya karani.

Katika kikao chetu cha mwezi hatupigi kura. Jambo huletwa, watu husema, na karani husikiliza. Hahesabu mikono, anatafuta kikao kinaelekezwa wapi. Akidhani amepaona, husema, "Ndugu zangu, tunyamaze kidogo niandike." Huandika papo hapo, watu wakiwa wamekaa. Kisha husoma, na kikao hukubali au husahihisha kabla mtu yeyote hajanyanyuka kwenda nyumbani. Nakumbuka kikao kuhusu vijana walioomba ukumbi kwa mafunzo ya siku za kazi. Karani alisoma kwamba kikao kimekataa ombi. Mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hasemi, akainuka akishika benchi la mbele yake. "Mwanangu, hatukukataa. Tumesema hatujaiona njia." Karani akafuta, akaandika upya, akasoma tena. Watu wakaitikia, "Tunakubali." Baadaye vijana walirudi na ombi lilelile na wakapewa ukumbi. Kama kitabu kingekuwa na neno kukataa, nani angewafungulia mlango wa kurudi?

Kumbukumbu za vyama vingine huandikwa wiki nzima baada ya mkutano, katibu akikuna kichwa, na hupitishwa mwezi unaofuata na watu waliosahau. Ni uvumi wenye mhuri. Za Wakweka hunaswa kikao kikiwa bado kinaendelea, aliyesema angali yupo na anaweza kukanusha. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuuliza kama Mungu hujibu ni kuanzia katikati. Kwanza tuulize kama palikuwa na mtu, au kikao, kilichowekwa tayari kuyapokea maneno, kuyasoma kwa sauti na kukubali kusahihishwa. Jirani yangu mwenye duka la leso karibu na msikiti aliniambia kwamba wahyi, yaani ufunuo, nao haukuachiwa vifua vya watu peke yake: waandishi kama Zaid bin Thabit waliuandika kwenye ngozi, makuti ya mitende na mifupa mipana, Mtume akiwa hai.

Jirani huyo, hata hivyo, hakubaliani nami. "Wewe mama wataka Mungu akukatie risiti," alinitania. Akanieleza istikhara: rakaa mbili, dua, kisha mtu anaendelea na jambo alilokusudia. Likiwa la heri litamfungukia, likiwa la shari litaepushwa naye. Watu wengi hulala wakingoja ndoto, lakini alivyofundishwa yeye ndoto si sharti. Hapo hakuna faili la kusoma. Jibu ni jinsi njia inavyofunguka au kufungika ukiwa umeshaanza kutembea. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikikunja karatasi za watu, na sijalipatia jawabu. Linanivutia kuliko yale majibu matatu, kwa kuwa mwombaji wake anatembea.

Na kuna jambo linalonisumbua upande wangu mwenyewe. Kunasa maneno hubadilisha maneno. Kwenye mashine za Linux, amri ya ls ya kuorodhesha mafaili hutazama kwanza kama inamwandikia mtu kwenye skrini au inamwaga ndani ya mfereji. Mbele ya mtu hupanga majina kwa safu za kupendeza. Ndani ya mfereji huyatoa moja kwa kila mstari. Programu nyingi zikijua hazitazamwi huacha kusema neno kwa neno; hulimbikiza na kumwaga kwa mkupuo, na anayengoja hudhani zimekufa. Zile zinazouliza nywila mara nyingi hukwepa mfereji kabisa na kumwendea mtu moja kwa moja pale alipokaa. Nimeona hayo katika vikao pia. Mzee alikuwa anaeleza kwa uchungu jinsi ndugu zake walivyomwacha alipougua. Karani akainua kalamu, na mzee akakohoa, akaanza kusema kwa lugha ya ripoti. Sidhani karani alikosea kuinua kalamu. Wala sidhani kilichoandikwa ndicho tulichokisikia.

Lingine ni baya zaidi, nalo halina kelele. Mfereji wa Linux kwa kawaida hubeba kilobaiti 64. Tuseme programu imeamua kungoja amri imalize kabisa ndipo ianze kusoma, na amri ina maneno mengi kuliko hayo. Mfereji unajaa. Amri inasimama ikingoja msomaji apunguze, na msomaji amesimama akingoja amri imalize. Hakuna kosa linalotangazwa popote, na ukitazama kutoka nje utasema zote mbili zina subira. Spika zikifika kwenye lile jibu la tatu, huwa nakumbuka hilo.

Ile 2>&1 ya kwenye mstari wetu nayo ina habari yake. Programu ina milango miwili ya kutolea maneno, mmoja wa maneno ya kawaida na mwingine wa makosa. Wahandisi wa maabara za Bell husimulia kwamba ilitenganishwa baada ya maneno ya makosa kuingia ndani ya kurasa zilizokuwa zikipigwa chapa kwa mashine ya gharama. Alama zile huirudisha milango hiyo kwenye mfereji mmoja, ili msomaji asipitwe na kosa. Kwa kompyuta, anayechagua mlango ni mwenye maneno. Kwa binadamu mara nyingi huchagua mwingine.

Kwa mfano, Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji mpira hodari aliyewahi kuwa muumini wa kanisa letu hili, alianza katika miaka ya 1940 kuhubiri Dini ya Msambwa: Wele, yaani Mungu, aendewe kwa njia za wazee, na wazungu waondoke kwenye ardhi. Wafuasi wake walifika hadi mashamba ya walowezi ya huku Trans-Nzoia, miongoni mwa vibarua walioishi humo. Maneno yake yalinaswa kwa bidii kubwa. Machifu walipeleka habari, maofisa wa wilaya waliandika, mafaili yakanenepa. Na mwaka 1945 akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Alipotoka aliendelea palepale alipoachia. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake Malakisi, na mwaka huohuo yeye akahamishiwa Lamu, mbali sana na kwao. Serikali ya Uhuru nayo ilimfunga. Alifariki mwaka 1987. Simtetei kwa yote. Babu yangu alimwita mtu wa fujo, nyanya yangu alimwita nabii, nao walilala kitanda kimoja mpaka mwisho. Ninachosema ni kwamba waliomwandikia faili hawakupitwa na neno lake hata moja, na kila neno lilipitishwa mlango wa makosa. Walikuwa wameuchagua kabla ya kusoma. Basi ule utayari niliousifia kwa Eli una pacha wake mbaya, na kwa nje huwezi kuwatofautisha.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba sisi ndio programu, na Mungu ndiye anayeitwa atekeleze. Nikiwaza hivyo kwa muda mrefu naona haya. SHELL ni neno la bwana kwa mtumishi. Huenda tumekaa upande wa pili. Sisi ndio tunaoitwa, tunatoa maneno yetu, tunaisha. Swali basi ni kama aliyetuita ameweka chochote cha kuyanasa. Waislamu wa mtaa huu wanasema kila mtu ana malaika wawili waandishi. Sisi tunasoma habari za vitabu vitakavyofunguliwa. Wabukusu wa kwetu Bungoma wana kumuse: mzee wa heshima akishazikwa, msemaji mwenye kipawa hicho husimama mbele ya waombolezaji, fimbo mkononi, akitembea na kusema. Hupitia koo, vita, ndoa na makosa, akiwaonya walio hai, na watu hukaa bila kumkatiza. Kwa desturi hiyo ni heshima ya wazee wanaume. Nyanya yangu, pamoja na nabii wake, hakusemewa.

Hapa Tuwan tunazika vijana wa boda na wanawake waliouza sukuma wiki. Ratiba ya mazishi naichapa mimi, karatasi moja iliyokunjwa, na tukifika mahali pa historia ya marehemu familia huniambia, "Andika kifupi tu, alizaliwa, alisoma, alifariki." Siwaachii. Nawauliza alikuwa akisema nini akikasirika. Nauliza aliimba sauti gani kwaya, na deni gani alilipa ambalo hakuna aliyetarajia. Wakati mwingine huwa na machozi na uchovu wa safari, na foleni nyuma yao inanung'unika. Wakati mwingine dada wa marehemu huvuta kiti. Sijui kama kuna anayesoma karatasi hizo baada ya udongo kurudishwa. Lakini nikiulizwa nimesali lini kwa mara ya mwisho kwa akili yangu yote, nitataja mojawapo ya karatasi hizo.

Programu ya chama sasa husoma maneno ya mashine na kuyaonyesha, na kijana ameyaweka yale ya kawaida kwa Kiswahili. Mstari wa SALAMA tuliufuta. Mweka hazina hakuridhika. "Imesema faili moja limenakiliwa. Nani amesema ni zima?" Ana haki: hilo ni neno la amri juu ya kazi yake yenyewe. Tukaongeza amri nyingine, FC yenye alama ya /B, inayolinganisha nakala na faili la asili baiti kwa baiti, na maneno yake nayo tukayanasa. Akavaa miwani, akasoma kwamba hakuna tofauti iliyoonekana.

"Na huyu FC," akauliza, "anakaguliwa na nani?"

Kijana akacheka, akavuta kiti aanze kueleza. Akina mama walikuwa wameshashika mikoba. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Mlima Elgon, na njia ya kuelekea Kipsongo, mvua ikinyesha, haipitiki kwa viatu. Nikamwomba mweka hazina atufungie kwa maombi. Akaomba kwa kirefu, akiwataja wagonjwa, wanafunzi, na wenye mikopo iliyochelewa. Flashi pia aliitaja.